Ndala mbele ya friji

BARUA

Dada mshauri, salaam aleikum.

Mimi ni mama wa miaka 58, naishi Tanga. Mume wangu ana miaka 63. Alikuwa fundi mitambo kiwandani, na huu ni mwaka wa tatu tangu astaafu. Tulioana mwaka 1986, tukajaliwa watoto wanne ambao sasa wote wana maisha yao, na tunaishi na mjukuu wetu wa kike wa miaka sita.

Nianze kwa kumpa haki yake. Mume wangu ni fundi kweli. Nilipoingia kwake hatukuwa na kitu, na karibu kila tulichokuja kuwa nacho kilifika mikononi mwake kikiwa kibovu. Kitanda chetu cha kwanza alikinunua kimevunjika mguu. Cherehani iliyosomesha watoto wetu aliichukua kwa bei ya chuma chakavu, akaifungua nati moja moja sakafuni, akaiosha kwa mafuta ya taa, na mpaka leo inashona. Miaka ile umeme ukikatika usiku naye yuko katikati ya kazi, mimi ndiye niliyemshikia tochi. "Shusha kidogo, mama. Hapo hapo." Nilijiona nimeolewa na mtu asiyeshindwa na kitu.

Sasa nimechoka. Tangu astaafu, nyumba imekuwa gereji. Barazani kuna feni nne na hakuna hata moja inayozunguka. Kuna redio na pasi za majirani ambazo wenyewe wameshazisahau, tyubu za baiskeli, makopo ya nati na bisibisi zisizo na mipini. Mgeni akija anapita ubavu. Nikisema neno, najibiwa, "Hizo ni spea."

Kinachonikosesha usingizi ni friji. Tunalo tangu 1998, na hata wakati huo tulilinunua mtumba. Mota yake imebadilishwa mara mbili. Mpira wa mlango umekwisha, kwa hiyo mlango tunaufunga kwa tyubu ya baiskeli. Tangu mwaka jana likaanza kutekenya, ukiligusa unasikia ganzi mpaka kwenye kiwiko. Mume wangu akasema hiyo ni ganzi tu, akaweka ndala mbele ya friji, na sheria ya nyumba ikawa kwamba hakuna kufungua friji bila ndala. Tukazoea, dada. Hata wageni tunawaambia, "Vaa ndala kwanza."

Mwezi uliopita mjukuu alitoka kuoga, miguu imelowa, akaenda kuchukua maji. Nilisikia kishindo. Nilimkuta chini, hasemi, macho yamemtoka. Alhamdulillahi, baada ya muda alilia, na hospitali wakasema yuko salama. Usiku huo babu yake hakula. Lakini asubuhi nilimkuta kapiga magoti nyuma ya friji na tepu mkononi. Sasa ameweka ubao na ndala juu yake.

Binti yetu wa Dar es Salaam aliposikia, alituma friji jipya kwa lori. Limesimama kona ya sebule kwenye boksi lake, wiki ya tatu sasa, na juu yake mzee ameweka redio. Nikimuuliza anajibu, "Usiache mbachao kwa msala upitao. Vitu vya siku hizi ni feki, havina umri."

Kuna na mengine. Kwenye meni swichi ametoa fyuzi akafunga waya, ili umeme "usitusumbue kwa kukatikakatika". Mpira wa gesi ulipopasuka alikata kipande kilichochakaa, akauunga na kuuzungushia tyubu na waya wa kufungia.

Keshokutwa anakwenda Handeni msibani, atakaa siku nne. Nimeshaongea na kijana wa mkokoteni anayenunua vyuma chakavu. Nataka mume wangu akirudi akute baraza jeupe na friji jipya linanguruma. Mdogo wangu ananiambia nisifanye hivyo, nitavunja ndoa. Binti ananiambia baba ana ugonjwa wa kurundika vitu. Mimi sijui ni ugonjwa, ubahili au ukaidi. Nifanyeje?

Mke wa Fundi, Tanga

JIBU

Dada yangu, wa aleikum salaam.

Kabla hujaendelea kusoma, nenda kazime swichi ya ukutani kwa mkono mkavu, kisha chomoa plagi ya friji hilo. Samaki na nyama viende kwa jirani. Ndoa yenu tutaizungumza baadaye, na ninaamini inazungumzika. Friji limeshakupa onyo moja, na hakuna anayejua kama litatoa la pili.

Nitakueleza linavyofanya, maana nadhani nyumbani kwenu neno "ganzi" limefunika jambo. Ndani ya friji kuna nyaya zilizovikwa plastiki, na ndani ya mota kuna waya mwembamba wa shaba uliopakwa kitu kama vanishi. Miaka ikipita kwenye joto na unyevu, vifuniko hivyo vinachakaa. Umeme unapata upenyo na kugusa bodi la chuma. Friji zima, mlango na mshikio wake, linakuwa na umeme, na umeme wetu wa ukutani ni volti 230. Waliotengeneza friji walilijua hilo, wakaweka waya wa tatu, ule wa kijani na njano, wa kuupeleka umeme uliovuja ardhini kabla haujampata mtu. Nina hakika karibu kabisa kwamba kwenye friji lenu waya huo ama umekatika au haufiki popote. Nimeziona nyumba nyingi ambazo plagi ya miguu mitatu imekatwa ikafungwa ya miguu miwili, halafu tundu la juu la soketi linafunguliwa kwa kijiti ili plagi iingie. Mtu akifanya hivyo anadhani ametengeneza, kumbe ameondoa mlinzi.

Waya wa tatu usipokuwepo, umeme unamsubiri mtu. Mtoto mwenye miguu iliyolowa juu ya sakafu ya saruji ndiye anakuwa waya wenyewe. Ndala zinasaidia kwa sababu mpira haupitishi umeme, lakini ndala hazijatengeneza friji. Siku utakayoshika mlango huku mkono mwingine uko kwenye bomba la maji, umeme utapita kifuani mwako na ndala zako ziko miguuni.

Halafu yupo mlinzi wa pili, fyuzi, naye ameondolewa. Ile waya nyembamba ya fyuzi imewekwa makusudi iwe dhaifu kuliko nyaya zote za nyumba. Umeme ukizidi, inayeyuka yenyewe na kukata. Ukiweka waya mnene mahali pake, kitakachopata moto ni nyaya zilizo ukutani na darini, pale usipopaona, jirani na mbao na vumbi. Fyuzi iliyokuwa inakatikakatika haikuwa inamsumbua mume wako. Ilikuwa inamwambia kuna mahali umeme unazidi. Mwenye kiraka kimoja cha namna hii anaweza kuishi nacho miaka. Nyinyi mna viwili, na vimekutana kwenye friji moja.

Mpira wa gesi sitaki uujadili na mtu. Funga mtungi, nunua mpira mpya na vibano vyake, na kama regyuleta ni ya zamani nunua na hiyo. Bei ya mpira haifiki ya kuku mmoja wa kienyeji. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja hulala sakafuni kama maji, inasubiri cheche. Ukishafunga mpira mpya, paka povu la sabuni kwenye maungio. Likitoa vipovu vinavyokua, bado inavuja.

Sasa tuje kwa mzee.

Umeniuliza kama ni ugonjwa, ubahili au ukaidi. Katika barua yako sioni kimoja kati ya hivyo. Hebu hesabu nami. Ana miaka 63, kwa hiyo vita ya Kagera ilipoanza mwaka 1978 alikuwa kijana wa miaka kumi na kitu. Ujana wake wote uliangukia kwenye miaka ambayo mtu aliweza kuwa na pesa mfukoni na dukani kusiwe na cha kununua. Sukari, sabuni na khanga zilipita kwa mjumbe wa nyumba kumi. Watu walipanga foleni duka la ushirika bila kujua kilicholetwa ni nini. Mwaka 1983 ikaja operesheni ya wahujumu uchumi, na waliokuwa na akiba ya bidhaa wakaogopa hata kukutwa nazo. Bajeti ya mwaka 1984 ndiyo iliyofungua mlango kwa wenye fedha zao za kigeni kuleta vitu kutoka nje, na hata hapo si kila nyumba iliyofikiwa. Kijana aliyejifunza ufundi miaka ile hakufundishwa kutafuta spea. Alifundishwa kuitengeneza spea kutokana na kitu kingine.

Mimi nimelelewa na baba wa namna hiyo. Betri za redio yetu zikiisha nguvu zilianikwa juu ya bati kutwa nzima, jioni zinarudishwa, na tunapata taarifa ya habari kabla redio haijaanza kukoroma. Sufuria ikitoboka kitako ilipelekwa kwa fundi ikarudi na kitako kipya. Tairi la gari lililokwisha lilikuwa bado na miaka mingi ya kutembea, likishakatwa likawa katambuga. Kibatari kilitoka kwenye kopo la maziwa. Ukienda Gerezani Dar es Salaam au Kamukunji kule Nairobi, mpaka leo utakuta pipa la mafuta linageuzwa karai, sanduku la shule au jiko. Sioni unyonge katika hayo. Ninaona akili, tena nyingi, ya watu waliokataa kushindwa.

Na ujuzi huo haujapitwa. Amsterdam mwaka 2009 walianzisha mikutano ambapo watu wanaleta pasi na redio zao mbovu na kukaa na mafundi wa kujitolea kuzitengeneza, na sasa mikutano hiyo imeenea nchi nyingi. Ufaransa nayo Januari 2021 ilianza kuwataka wanaouza simu, televisheni na mashine za kufulia waonyeshe alama, kati ya 0 na 10, ya jinsi kifaa kinavyotengenezeka. Wanatafuta kwa sheria kitu ambacho mume wako anacho vidoleni. Na anaposema vitu vya siku hizi havina umri, hajakosea sana. Vingi vimegundishwa kwa gundi mahali palipostahili skrubu, na fundi akivifungua vinavunjika.

Kwa hiyo mkokoteni usiuite. Nakusihi kabisa. Fikiria anatoka kuzika, anaingia kwake, anakuta baraza jeupe. Atakachokiona ni kwamba mke wake ameona kazi yake yote ni takataka, akaiuza kwa kilo, tena kwa siri. Mtu aliyestaafu, jana alikuwa anaitwa "fundi" na watu wengi kiwandani. Leo anaitwa hivyo na jirani mwenye pasi mbovu tu. Zile feni nne zinamwambia kesho kuna kazi. Ndiyo maana rundo lilikua baada ya kustaafu na si kabla, wewe mwenyewe umeandika hivyo.

Lakini sikuambii uvumilie. Nakuambia usimwendee kwa njia ya uchafu wala uzee wa vitu, kwa sababu hapo atakushinda. Cherehani yako ni shahidi wake. Mwendee kama fundi. Cherehani ikiharibika inakata uzi. Redio ya betri ikifa inanyamaza. Kiti kikilegea kinalia kabla hakijaanguka. Vitu hivyo avitengeneze mpaka azeeke, na akifa avirithishe. Friji linalovuja, mpira wa gesi, fyuzi, breki za baiskeli ya mjukuu, hivi vikishindwa havimwachi mtu nafasi ya kusema "ngoja niite fundi". Kiwandani alikokuwa, alijua kabisa kuwa kuna kifaa kinachotiwa kiraka na kuna kifaa kinachoandikwa "kimekufa" hata kama bado kinazunguka. Fundi asiyejua kusema kitu kimekufa hajamaliza kujifunza, na mimi siamini kwamba wako hajamaliza. Amekwama mahali pamoja.

Nadhani najua amekwama wapi. Umesema usiku wa ajali hakula, na asubuhi alikuwa nyuma ya friji na tepu. Dada yangu, yule si mtu asiyejali. Yule ni mtu aliyeogopa sana, akakimbilia kitu pekee anachokijua. Kukubali friji jipya ni kukubali kwamba mkono wake ndio ulioweka ndala pale, na mjukuu akaanguka. Hakuna aliyemwambia maneno ya kumtoa hapo. Binti alituma boksi, na boksi halisemi.

Mkalishe kabla hajaenda Handeni, usisubiri arudi. Iwe usiku baada ya isha, mtoto amelala, simu mmezima, na binti asiwepo hata kwenye spika. Usianze na baraza. Mwambie uliogopa, na uliona naye aliogopa. Kisha muulize swali moja: jirani mwenye mtoto mdogo akija kulinunua friji hili leo, utamuuzia? Nyamaza umwache ajibu. Usimsaidie, hata kimya kikiwa kirefu. Akisema "hapana", usimalizie kwa "si nilikuambia". Inuka ukalete chai.

Akikuletea tena ile methali ya mbacha, usibishane nayo, ni nzuri na naipenda. Wahenga walimwonya anayetupa mkeka wake mkuukuu kwa ajili ya msala wa mpita njia, ambaye atakunja msala wake na kwenda zake. Friji la binti yenu halipiti. Limeletwa na damu yake mwenyewe, nalo litakaa. Tena mwambie binti apige simu mwenyewe, aombe kwa adabu: "Baba, naomba unifungulie boksi, unikagulie kama nimeuziwa kizuri." Hiyo ni kazi ya fundi, na hakuna aliyempa. Akague plagi ina miguu mitatu, akague waya wa ardhini wa nyumba unafika kweli ardhini. Akikuta haufiki, hapo aletwe fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati, abadilishe na ile meni swichi, na afunge kifaa kinachokata umeme mara tu ukivuja miliampia 30. Mzee asimamie. Aulize maswali. Mafundi wanaheshimiana wakiulizana. Na jipya liwekeni mbali na ukuta kidogo, lipumue. Lile la zamani, kwa mlango usiofunga, mota yake ilikuwa haipumziki mchana na usiku, na sehemu ya LUKU yenu imekuwa ikienda huko.

Friji la zamani lisiende kwenye mkokoteni. Mwachie alivunje mwenyewe. Kwanza kabisa ang'oe mlango, siku hiyohiyo, maana mtoto anaweza kujificha ndani akakosa hewa. Gesi iliyomo asiitoboe iende angani. Friji za umri huo nyingi zina gesi inayokula tabaka la ozoni, ile iliyosababisha mkataba wa Montreal wa mwaka 1987, na mafundi friji wana mashine ya kuinyonya. Baada ya hapo rafu za waya zitakuwa kichanja chako cha vyombo, na bodi likitobolewa chini na kujazwa udongo linaotesha mchicha vizuri sana.

Baraza nalo lina dawa, ila lije mwisho, labda mwezi ujao. Gawaneni: upande mmoja wake, upande mwingine wa wageni, na mstari uwe wa kweli, uchorwe kwa chaki ikibidi. Kila kitu cha jirani kiandikwe tarehe. Kisichotengenezwa wala kuulizwa hadi mfungo ujao kirudi kwa mwenyewe. Kati ya feni nne atoe moja inayozunguka, tatu ziwe spea kweli kama anavyosema. Na mtaani kwenu hakukosi vijana wawili wasio na kazi ambao hawajawahi kushika mita ya umeme. Wakae naye asubuhi. Mtu anayefundisha analazimika kupanga nati zake kwenye makopo, kwa sababu mwanafunzi atauliza.

Siku atakapolivunja friji atachelewa, wote huchelewa, na giza litamkuta nati ya mwisho imekwama kwa kutu. Usibaki jikoni siku hiyo. Chukua tochi, toka nje, umshikie.